Kabla Ununue Skana, Soma Kitabu cha Omogaka

Wasee, hii post nimeizungusha kichwani karibu mwaka mzima, kwa sababu ndani yake kuna mtu niliyemkosea. Kama umekuja kusoma vile roboti zitatumaliza, ama vile utaomoka na AI ukiwa umelala, ngoja kidogo. Tutafika huko. Lakini tunaanzia ndani ya stoo, Kisii mjini, saa kumi na mbili asubuhi, barabara imelowa kama kawaida yetu.

Wale mnanifuata kitambo mnajua nilitoka chuo nikiwa mwaka wa pili. Kozi ilikuwa ya kompyuta. Karo ilikwama, na mimi pia nikakwama, tusidanganyane. Nikarudi nyumbani Nyamira, nikakaa miezi kadhaa nikitengeneza video ambazo watu kumi na wanane walitazama, watano kati yao wakiwa binamu zangu. Halafu duka moja la jumla, sitalitaja, likatafuta "kijana wa kompyuta". Nikaingia.

Ile stoo ilikuwa inalisha maduka mengi: Keroka, Ogembo, Suneka, mpaka ndani kabisa Borabu. Unga, sukari, mafuta ya kupikia, sabuni, chumvi. Mkubwa wetu alikuwa amechoka na hasara. Kila mwisho wa mwezi hesabu haikubali. Jamaa mmoja akamwuzia mfumo: kompyuta mbili, skana za kusoma bakodi, printa ya risiti na programu ya kulipia kila mwezi. Aliambiwa kwamba baada ya wiki mbili atakuwa ameketi nyumbani akiangalia stoo yake kwenye simu. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha hiyo ndoto inatimia.

Kabla yangu, stoo ilikuwa mikononi mwa mzee mmoja. Sote tulimwita Omogaka, vile tunaita mzee wa heshima huku kwetu. Alikuwa amekaa hapo miaka mingi kuliko umri wangu. Alikuwa na kaunta buku moja kubwa, kava imechanika, peni imefungwa na uzi. Kila kitu kilichoingia na kutoka kilikuwa humo, kwa mwandiko ambao ni yeye na Mungu walioweza kuusoma.

Siku ya kwanza ya mfumo, mkubwa alisimama mbele yetu akasema, "Kuanzia leo hicho kitabu kimekufa. Kila kitu ni kwa kompyuta." Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga zaidi.

Wiki ya tatu ikafika. Kompyuta inasema tuna bela 140 za unga. Tunahesabu sakafuni, tunapata 112. Bela 28 hazipo, na kila bela ina pakiti kumi na mbili za kilo mbili. Hiyo si pesa ya kuchezea. Mkubwa akaniuliza mbele ya kila mtu, "Mashine inaweza kukosea?" Nikajibu, tena kwa sauti ya mtu aliyesoma, "Mashine haikosei. Labda watu."

Omogaka alitumwa nyumbani siku hiyo. Mshahara wake ukakatwa.

Siku kumi baadaye nilikuwa nahamisha mbao za chini ya magunia nikakipata kile kitabu. Kumbe hakikufa. Mzee alikuwa anaendelea kuandika. Na pale, kwa mwandiko wake mbaya, kulikuwa na mistari minne: bela 10, bela 8, bela 6, bela 4. Kila mstari una tarehe na jina la utani la mteja. Jumlisha mwenyewe: 28.

Ilikuwa hivi. Lori za wateja wa mbali zilikuwa zinakuja alfajiri, saa kumi na moja, zipate kufika sokoni kabla watu wajae. Mimi nilikuwa nafika saa mbili. Nywila ya kompyuta nilikuwa nayo mimi pekee. Kwa hivyo mzee alikuwa anapakia mzigo, anaandika kitabuni kama siku zote, na mteja analipa jioni ama siku ya soko. Hakuna mtu aliyemwuliza mzigo wa alfajiri utaingiaje kwenye kompyuta. Hata mimi sikumwuliza. Sikujua hata kama kuna mzigo wa alfajiri, kwa sababu saa hiyo nilikuwa kwa blanketi.

Nilimpelekea mkubwa kitabu. Alinyamaza muda mrefu, halafu akanituma nimpelekee mzee pesa zake zilizokatwa. Nilipanda matatu hadi kwake. Alinipa chai na ndizi za kuchemsha, akahesabu pesa polepole, akaziweka mfukoni. Nikamwomba msamaha. Nikamwambia mkubwa anataka arudi. Akasema hapana, amerudi kwa migomba yake, inatosha. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Sasa tuongee.

Kila siku naona kwa simu video za maghala ya Amazon, roboti zinateleza sakafuni zimebeba rafu, na chini yake vijana wetu wanaandika "Kenya tumebaki nyuma sana". Ni kweli, ziko mbali. Amazon ilinunua kampuni ya roboti inayoitwa Kiva mwaka wa 2012 kwa dola milioni 775, na 2025 ikatangaza imefikisha roboti milioni moja. Lakini kuna kitu kwenye hizo video ambacho watu hawakioni. Ghala la Amazon halipangi bidhaa kama duka la nyumbani, sabuni upande huu, vitabu upande ule. Kitu chochote kinaweza kuwekwa popote. Linalowezesha hivyo ni kwamba kila nafasi kwenye rafu ina anwani yake, na hakuna kitu kinachowekwa ama kutolewa bila hiyo anwani kuandikwa. Hiyo nidhamu ndiyo inayozaa matunda. Roboti ni miguu tu.

Toa roboti, bakisha nidhamu, bado una ghala linalofanya kazi. Toa nidhamu, bakisha roboti, una vyuma ghali vinavyozunguka na mzigo usiojulikana. Sisi tulinunua skana kabla ya kuipa hata kona moja ya stoo jina. Mashine ikiingia mahali pana fujo inaikuta fujo, inaibeba, na inaikimbiza kwa kasi zaidi. Kitabu cha mzee kikikosea, utabishana naye na mtamalizana. Kompyuta ikikosea, mtu anapoteza kazi kwa sababu kijana mmoja amesema mashine haikosei.

Na usidhani ni shida ya watu wa Kisii. Mji wa Denver kule Marekani ulijenga uwanja mpya wa ndege wenye mitambo ya kubeba mizigo ya abiria yenyewe, vigari vikikimbia kwenye reli bila mtu. Ilikuwa iwe ajabu ya dunia. Mizigo ikaraguliwa na kurushwa, uwanja ukachelewa kufunguliwa kwa miezi 16 hadi Februari 1995, na ule mfumo ukaishia kutumika kwa sehemu ndogo tu ya kazi iliyokusudiwa. Mwaka wa 2005 ukaachwa kabisa, wakarudi kwa matrekta madogo na watu. Hao walikuwa na pesa na mainjinia. Walichotaka ni kufanya kila kitu kwa mkupuo mmoja, kwenye jengo ambalo tayari lilikuwa limechorwa bila huo mtambo.

Huku nyumbani pia tumeona. Twiga ilianza 2014 na biashara ya ndizi, kitu ambacho sisi watu wa Keumbu na Nyamira tunajua kuliko mtu yeyote. Wazo lilikuwa safi: mama mboga aagize kwa simu, mzigo umfikie, madalali wapungue. Agosti 2023 ikatangaza kupunguza wafanyakazi 283. Mwaka huohuo Sendy, waliokuwa wanaunganisha wenye mizigo na wenye magari, wakafunga. Mei 2024, Copia, waliokuwa wanafikisha bidhaa vijijini kupitia wenye maduka kama mawakala, wakawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Sababu zilikuwa nyingi: wawekezaji walikaza mkono, mafuta yalipanda, watu wakaishiwa. Sitakaa hapa kwa keyboard yangu nijifanye najua kuendesha kampuni kuwaliko. Wengine wao walijaribu kitu kikubwa, na ninawaheshimu.

Lakini angalia hesabu ya safari. Tuseme mteja wa ndani kule ameagiza bidhaa za shilingi 2,000. Faida yako ni 100. Bodaboda anataka 300. Programu nzuri itakuonyesha hiyo hasara mapema, kwa rangi nyekundu, na mchoro mzuri. Haitafupisha barabara.

Sasa linganisha na zile ofisi za mizigo za mabasi pale mjini. Mama anafunga ndizi na avokado kwa gunia, anaandika jina na namba ya simu kwa kalamu ya wino, analipa, anapewa karatasi. Kesho asubuhi mtoto wake anachukua Nairobi. Hakuna roboti. Inafanya kazi kwa sababu basi linaenda Nairobi liwe na huo mzigo ama lisiwe nao. Gharama ya safari imeshalipwa na abiria. Huo ni ujanja mkubwa wa usafirishaji, na umekuwa mbele ya macho yetu miaka yote. Ukitaka kuleta teknolojia hapo, usianze kwa kununua magari yako mapya na kuyapaka rangi. Anza kwa kumjulisha huyo mama kwa meseji kwamba gunia limefika. Ongeza kitu kidogo juu ya safari ambayo tayari ipo.

Ndio maana nataka tuangalie mizani ya chai, kwa sababu hapo kuna kitu kilichofaulu na kitu kilichobaki, kwa pamoja.

Mama yangu, ambaye sisi Wakisii tunamwita baba, na wageni mtatusamehe, ana mashina yake ya chai. Anachuma majani mawili na chipukizi, anapeleka kituoni. Wazee wanasimulia vile zamani mizani ilikuwa ile ya kuning'inia yenye mshale. Karani anaangalia mshale, anasema "kumi na nne", wakati wewe uliona kumi na tano na nusu. Utabishana na nani? Halafu KTDA, ambayo inahudumia zaidi ya wakulima 600,000 nchini, ikaleta mizani ya elektroniki kwenye vituo. Sasa uzito unasomwa na mashine, unaingia kwa jina la mkulima, na karatasi inatoka hapohapo.

Kwa nini hiyo mashine ilishika? Nimefikiria sana. Inafanya kazi moja tu, ndogo: inapima na kuandika. Inatumia betri, kwa hivyo haijali kama stima imepotea. Mkulima anapata jibu akiwa bado amesimama pale, kabla gunia lipakiwe. Na karani hakufukuzwa. Bado yuko, bado anakagua kama majani ni mazuri, kwa sababu mizani haijui kama umenyunyizia majani maji. Mashine ilichukua ile sehemu ya kazi ambayo watu walikuwa wanagombania, ikamwachia binadamu ile inayohitaji macho.

Lakini sasa sikiza upande wa pili. Kuna jioni mwaka jana mama alipima kilo zake, karatasi safi mkononi, na lori halikuja. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara ya kwetu imekuwa uji. Saa moja, saa mbili, saa tatu usiku, akina mama wamekaa na magunia. Majani ya chai yakikaa kwa gunia yanapata joto, yanaanza kuwa mekundu, na majani mekundu hayatoi chai nzuri. Mizani ilikuwa sahihi kabisa. Ilipima kwa usahihi kitu kilichokuwa kinaharibika.

Mnaelewa? Mizani ni ya kisasa, barabara ni ya babu. Ukirekebisha hatua moja, mkwamo unahamia hatua inayofuata. Kwa hivyo swali la kwanza la mtu anayetaka kuleta mashine mahali popote, iwe stoo, kiwanda ama soko, lisiwe "nini kinapendeza tukikionyesha wageni?" Liwe "mzigo unakwama wapi?" Ukipajua, weka pesa yako hapo. Wakati mwingine hapo hapahitaji kompyuta. Panahitaji changarawe na kalvati.

Hapa ndipo najua mtu ataandika kwenye comments: "Bro, wewe unapinga maendeleo." Sipingi. Kule Mombasa, mnada wa chai ulikuwa wa watu kuketi ukumbini na kupigana bei kwa sauti, tangu ulipohamia huko kutoka Nairobi mwaka wa 1969. Ikaja Covid 2020, watu hawawezi kukaa pamoja, mnada ukahamia kwenye kompyuta. Chai ya Nyansiongo, Kebirigo, Sanganyi, Ogembo na Kiamokama ikaendelea kuuzwa. Iliwezekana kwa sababu sheria za mnada zilikuwa zimeeleweka miaka mingi: nani anauza, nani ananunua, sampuli inaonjwaje, mzigo uko ghala gani. Kompyuta ilipewa kitu kilichopangika, ikakibeba. M-Pesa nayo, tangu 2007, haikumwondoa mwenye duka. Ilimfanya wakala, ikampa kamisheni. Ndio maana mwenye duka mwenyewe ndiye aliyekufundisha kutuma pesa.

Sasa kinyume chake. Majirani zetu wa Kericho, Mei 2023, watu waliandamana na kuchoma mashine za kuchuma chai kwenye mashamba makubwa. Mtu alipoteza maisha. Wakisii wengi wamechuma chai huko Kericho, ni kazi iliyolipa karo ya nusu ya mitaa yetu. Binamu yangu alikuwa mmoja wao. Mashine moja inaingia na watu wachache wa kuiendesha, na inafanya kazi ya kikosi kizima. Alirudi nyumbani na begi moja. Sitetei kuchoma mali ya mtu. Lakini wakati wa kumwambia mtu "kazi yako inabadilika, wewe utakuwa wapi?" ni kabla mashine ishuke kwa lori. Ukimwacha aone tu chuma kinashushwa, ataamua mwenyewe kile chuma kinamaanisha nini.

Na kwa stoo ni hivyohivyo, tofauti ni kwamba hakuna moto. Mtu wa stoo akihisi mashine imeletwa kumfukuza, hatapigana na wewe. Atakaa kimya tu. Hatakwambia kuna lori la alfajiri. Hatakwambia mteja fulani huwa anarudisha mafuta yaliyovuja, na yanawekwa kona ile. Hayo yote yako kichwani mwake, na hakuna programu inayoyajua. Omogaka hakukaa kimya kwa ubaya. Aliambiwa kitabu chake kimekufa, na mzee wa heshima huwezi kumwambia hivyo halafu utegemee akuletee siri za kitabu.

Baada ya lile tukio tulianza upya. Wacha niwaambie tulifanya nini, maana kuna mtu hapa anafanya kazi duka la mjomba na anataka kulisaidia.

Kwanza, skana zilirudishwa kwa boksi kwa mwezi mmoja. Nikaanza kufika saa kumi na moja asubuhi. Nilifuata mzigo kwa miguu: kutoka lori linaloshusha, hadi sakafuni, hadi kaunta, hadi lori linalopakia. Kila mahali unapobadilisha mikono nikaandika. Nilipata mikono ikibadilika mara saba. Mfumo wetu ulikuwa unajua mara mbili.

Pili, tulichukua rangi na brashi. Kila safu ikapata herufi, kila nafasi namba. A1, A2, mpaka D9. Ilitugharimu mikebe miwili ya rangi na Jumapili moja. Ndani ya wiki, hata kabla skana zirudi, vijana wa kupakia waliacha kuzunguka wakiuliza sabuni iko wapi.

Tatu, tukakubaliana kitu kinaitwaje. Bela ni bela, pakiti ni pakiti, na ukifungua bela kuuza rejareja lazima iandikwe kwamba bela moja imekuwa pakiti kumi na mbili. Inaonekana mchezo. Nusu ya makosa yetu yalikuwa hapo.

Nne, tulirudisha skana kwa bidhaa moja tu, unga. Wiki mbili, kitabu na kompyuta vikienda sambamba, jioni tunalinganisha. Vikitofautiana, hakuna mtu anayeitwa mwizi kabla tujue ni kwa nini. Vilipokubaliana siku kumi mfululizo tukaongeza sukari. Halafu mafuta.

Tano, kitabu hakikutupwa. Kiko pale juu ya kaunta mpaka leo. Mnakumbuka Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima? Inaweza kurudia hata usiku wa leo. Mfumo ambao hauna njia ya mkono ni mfumo unaongoja kukuaibisha.

Mwishowe hesabu ikaanza kukubali. Si kila siku, lakini tofauti ya bela moja ama mbili unaweza kuitafuta na kuipata. Hakuna aliyefukuzwa. Vijana wawili wa kupakia walijifunza skana haraka kuliko nilivyotarajia, mmoja sasa ndiye anaendesha stoo. Mimi nilitoka, nikarudi kwenu na hizi kelele zangu.

Kwa nini nawaambia haya sasa? Kwa sababu pesa kubwa inakuja upande huu. Serikali ina ule mpango wa vituo vya kukusanya mazao na viwanda kwa kaunti, shilingi milioni 500 kila kimoja, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Ni wazo zuri. Ndizi, avokado, mboga za kienyeji, vyote vina shida moja: vinaiva siku moja, vinaoza siku moja, na dalali anajua hivyo. Ghala lenye ubaridi na mpangilio linaweza kumpa mkulima siku tano za kujadili bei badala ya masaa matano. Hapo kuna maisha ya watu.

Lakini mnajua vile huwa. Kutakuwa na utepe, hotuba, mashine inang'aa, picha. Wakati wa kutoa maoni ya umma, sisi vijana huwa hatuendi, tunaachia wazee na wale wanaofuata soda. Safari hii tuende, tuulize maswali ya stoo. Mzigo utafikaje hapo mvua ikinyesha wiki mbili? Stima ikipotea masaa sita, chumba cha baridi kitafanya nini? Mashine ikiharibika, fundi yuko Kisii ama anatoka ng'ambo? Nani anapima, na mkulima anaona namba hapohapo ama anaambiwa baadaye? Na wale akina mama wanaopanga ndizi kando ya barabara leo, wana kiti humo ndani ama wanatazama kupitia ua?

Na kwako wewe uliyetoka chuo kama mimi, unafikiri hakuna pa kuingilia. Kuna mamia ya stoo kutoka Daraja Mbili mpaka Keroka, mpaka Miruka, ambazo hesabu haikubali. Huhitaji roboti. Unahitaji kuamka saa kumi na moja, kuuliza mzee swali kwa adabu, na kuwa na rangi na brashi. Ukianzia hapo, mashine ikija itakukuta unajua inaingia wapi. Ukianzia kwa mashine, utakuwa mimi wa wiki ya tatu, umesimama mbele ya watu ukisema haikosei.

Mwezi uliopita nilipita tena kwa Omogaka. Nilimwomba ruhusa ya kuandika hii bila jina lake, akacheka, akasema hana shida, mradi niseme mwandiko wake si mbaya vile watu wanasema.

Ni mbaya, wasee. Lakini hesabu yake ilikuwa sawa.